Barua ya Wazi kwa Gavana wa Mombasa: Kibali cha Kamera Kiambatane na Mkataba wa Mwigizaji

Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,

Assalaam aleikum.

Naanza na ombi lenyewe, maana najua barua za wasanii hufika ofisini zimejaa malalamiko na msomaji akamaliza asijue mwandishi ataka nini. Kampuni ya filamu au ya tamthilia za televisheni ikija kwako kuomba kibali cha kupiga picha katika barabara, ufuo au bustani ya kaunti, isipewe mpaka ionyeshe mikataba ya maandishi ya waigizaji iliowachukua hapa, na mpaka ithibitishe kuwa nafasi zenye mazungumzo zilitangazwa hadharani Mombasa kabla hazijagawiwa. Ombi langu ni hilo tu, na yanayofuata ni sababu zake.

Huenda mshauri akakunong'oneza kwamba mambo ya filamu ni ya Nairobi. Leseni ya kutengeneza filamu na uainishaji wake ni kazi ya taasisi za taifa, kweli. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, linaiachia kaunti burudani ya umma, na limetaja kwa jina majumba ya sinema, maonyesho ya video, shughuli za utamaduni, bustani na fuo. Fort Jesus si yako, iko chini ya Makavazi ya Taifa. Bandari si yako, na feri pia si yako. Ila gari la kubeba jenereta likiegeshwa mtaani siku tatu, au kipande cha ufuo kikizungushiwa kamba ili bibi harusi wa tamthilia alie machozi jua likichwa, hapo kuna mtu wa kaunti aliyetia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

Mimi ni mwigizaji. Nimecheza mpita njia, muuza madafu, abiria wa feri, mlinzi wa lango, na maiti (maiti, kwa taarifa yako, hulipwa vizuri kuliko mpita njia, labda kwa kuwa hawezi kuondoka kabla kazi haijaisha). Kazi yetu huja kwa simu ya jioni: kesho alfajiri, njoo na kanzu safi, usiulize mengi. Twafika kabla ya jua. Twakaa kwenye ngazi za nyumba ya mtu mpaka saa nane, twapita mbele ya kamera mara sita au saba, halafu twaambiwa tusubiri usiku kwa sababu kuna onyesho la harusi. Malipo ni elfu moja, pengine elfu na mia tano, na mara nyingi hayatolewi siku hiyo. Prodyusa atasema stesheni haijamlipa. Stesheni ukiifikia itasema mkataba wake ni na prodyusa. Nawe wa katikati huna karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ulikuwapo, isipokuwa uso wako ukiutazama kwenye televisheni ya jirani.

Msomaji atauliza kwa nini hatuendi mahakamani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yataka mkataba uwe wa maandishi kazi inapofikia jumla ya miezi mitatu au zaidi. Mwigizaji wa kuitwa Jumanne, akaachwa, akaitwa tena Ijumaa ya wiki nyingine, kila mwito wake huhesabiwa kazi mpya, na kwa hesabu hiyo miezi mitatu haitimii mpaka mvi zimuote. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo inampa mwigizaji haki juu ya uigizaji wake uliorekodiwa. Ukienda kuidai, swali la kwanza ni: mlikubaliana nini? Nasi tulikubaliana kwa simu, usiku, na mtu ambaye namba yake haipatikani tena.

Sasa nije kwenye nafasi zenye mazungumzo, na hapa naomba univumilie nikikawia kidogo.

Tamthilia za Kiswahili zimeshika soko, na watunzi wamegundua kwamba hadithi ikivaa buibui na kupita vichochoro vya Mji wa Kale hupendeza. Heri. Lakini wahusika wakuu hushuka na treni kutoka Nairobi, nasi wa hapa twapangwa nyuma yao kama mapazia. Anayeigiza mzee wa Kibokoni hajawahi kukaa barazani Kibokoni, basi hufundishwa kuvuta maneno, kusema "yakhe" kila sentensi ya pili, na kutikisa kofia. Mama anayeigiza bibi wa Kimvita hutamka kana kwamba ana pipi mdomoni. Nyumbani twacheka, halafu kicheko kinakatika, maana mzee huyo kwenye hadithi huwa ama mganga, ama mvivu, ama baba anayemwoza binti yake kwa nguvu. Nimemsubiri kwa muda mrefu mhusika wa Pwani ambaye ni mhandisi wa meli, au hakimu, au mwalimu wa hesabati mwenye madeni, na sijamwona.

Sina ugomvi na waigizaji wa Nairobi. Kazi ya mwigizaji ni kuwa mtu asiye yeye, na ningepewa nafasi ya kuigiza mfugaji wa Narok nami ningeikimbilia. Ninachotaka ni kuitwa kwenye odisheni, yale majaribio ya kuchagua waigizaji. Nafasi hizi hujazwa kabla kamera hazijapakiwa garini, na twazisikia zikiwa zimeshakuwa na wenyewe. Iwapo prodyusa atatusikiliza kisha achukue mtu wa kwao kwa kuwa ni bora, tutampigia makofi.

Kuna mfano mmoja unaoihusu bandari yako. Aprili 2009 meli ya Maersk Alabama ilikuwa inakuja Mombasa na chakula cha msaada ilipotekwa na maharamia wa Kisomali. Nahodha Richard Phillips alichukuliwa mateka, na meli ikatia nanga hapa Kilindini naye akiwa bado mikononi mwao. Dunia nzima ilileta waandishi wa habari gatini kwetu. Mwaka 2013 kisa hicho kikatoka kuwa filamu kubwa ya Tom Hanks, na maonyesho ya baharini yakapigwa Malta. Malta ina matangi makubwa ya maji ya kupigia picha na serikali yake humrudishia prodyusa sehemu ya fedha anazotumia kisiwani. Hatukuwa na matangi, wala hatuna leo, na sikulaumu kwa hilo.

Tazama lakini jinsi watengenezaji wa filamu hiyo walivyowapata waigizaji wa kuwa maharamia. Walifungua odisheni ya wazi Minneapolis, mji wa Marekani wenye Wasomali wengi, wakaja watu zaidi ya 700, wakachaguliwa wanne. Mmoja wao, Barkhad Abdi, alikuwa amewahi kuendesha limuzini na hakuwa na filamu hata moja kwa jina lake. Alipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, akateuliwa kuwania Oscar, na usiku ule ule wa Machi 2014 Lupita Nyong'o wetu akaibeba Oscar yake. Ripoti za wakati huo zilisema Abdi alilipwa dola 65,000 kwa kazi yote, na kwamba baada ya kupiga picha alirudi kuuza simu dukani kwa ndugu yake. Hata huko, basi, mwigizaji mpya halipwi kama mfalme. Ila alikuwa na kiasi kinachojulikana, kilichoandikwa, na mlango alioingilia ulikuwa wazi kwa kila aliyetaka kupanga foleni. Ukitangaza odisheni ya namna hiyo Tononoka, naamini foleni itafika barabara kuu.

Kuna jambo ambalo wanaume wenzangu hawalisemi. Wasichana wenye kipawa wanaacha mapema kuliko sisi, na si kwa sababu hawapendi. Baba wa Likoni haulizi filamu yahusu nini. Anauliza nani amekuajiri, kazi yaisha saa ngapi, utavuka feri na nani usiku, na utalipwa wapi. Binti hana jibu hata moja, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wengine hukutana na prodyusa anayetaka "kuzungumza zaidi" hotelini kabla ya kutaja nafasi, na ni nani atakayeshtaki wakati hakuna maandishi yanayoonyesha kwamba kulikuwa na kazi? Karatasi yenye jina la kampuni, saa za kazi, usafiri wa kurudi nyumbani na siku ya malipo ingemtuliza baba, na ingemtia woga huyo wa hotelini.

Julai 2023 waigizaji wa Marekani waliweka chini zana kupitia chama chao cha SAG-AFTRA, mgomo uliochukua siku 118. Madai makubwa yalikuwa mawili: malipo ya kipindi kinaporudiwa kwenye mitandao ya kulipia, na ruhusa ya mwigizaji kabla kompyuta haijaiga sura au sauti yake. Tulisoma habari hizo kwenye simu zetu tukisubiri kuitwa kupita mbele ya kamera. Malipo ya marudio! Sisi hata ya mara ya kwanza bado twayadai. Lakini jambo la pili latugusa zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Sauti ya Kiswahili cha Mvita ni bidhaa. Hutafutwa kwa matangazo na kwa kutia maneno tamthilia za kigeni. Anayeingia studio leo akasoma kurasa kumi bila mkataba hajui kama sauti yake itaendelea kusoma kurasa nyingine yeye akiwa amelala.

Na mwisho wa kazi hii twaujua. Mzee Ojwang', Benson Wanjau, aliwachekesha Wakenya kwenye televisheni ya taifa kwa miongo, na ilipofika wakati wa kutibiwa macho ikabidi wananchi wamchangie. Alifariki Julai 2015. Alikuwa anajulikana katika kila nyumba nchini, na umaarufu ule wote haukumpa pensheni. Sisi tusiojulikana hata na kondakta wa matatu tutachangiwa na nani?

Najua pingamizi litakalokuja: masharti yakizidi, kamera zitahamia Diani au Watamu. Inawezekana. Wanaopiga picha ni watu wa biashara na Kwale na Kilifi zina fuo nzuri, pengine kuliko zetu. Kwa hiyo lipeleke jambo hili kwenye Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kaunti zote sita ziwe na sharti moja. Na ukitaka kumvuta prodyusa, mpunguzie ada na mwondolee safari za ofisi baada ya ofisi. Leo anayetaka kupiga picha ngomeni, gatini na ufuoni kwa wiki moja huzunguka kwa mamlaka tofauti na kila moja ina fomu yake. Afisa mmoja wa kaunti wa kumshika mkono, fomu zikakamilika kwa siku mbili, hilo lina thamani kwake kuliko gharama ya kuandika mikataba. Atalipa kwa furaha, au walau bila kununa.

Kuhusu majumba ya sinema, sitasema mengi. Regal, Majestic na Naaz zilikuwa sinema za mji huu na wazee wetu walivaa vizuri kwenda huko. Nyakati hizo hazirudi. Ila Zanzibar imekuwa ikifanya tamasha lake la filamu tangu 1998, na watu hukaa Ngome Kongwe usiku wakatazama kazi za watu wa bahari hii. Sisi tuna uwanja wa wazi wa maonyesho Mama Ngina na upepo wa bure. Turubai na projekta, mara moja kwa mwezi, kazi za vijana wa hapa. Lifanye hili baada ya mikataba, usilitangulize, kwa maana hafla hupendwa na wapiga picha na mikataba haipendwi.

Mkataba wenyewe hauhitaji wakili wa bei ghali. Ukurasa mmoja watosha: jina la kampuni na la mwigizaji, siku na saa, malipo na tarehe ya kulipwa, usafiri wa usiku, kipindi kikiuzwa kwingine mwigizaji apata nini, na sauti na sura visitumiwe kwa kazi nyingine bila ruhusa. Kuna chama cha waigizaji cha kitaifa cha kuulizwa, na vijana wa Swahilipot, kituo cha sanaa na teknolojia hatua chache kutoka Fort Jesus, wanaweza kukaa na mawakili wako wakauandika kwa Kiswahili ambacho mama yangu ataelewa.

Sisi kadhaa wa Kisauni, Likoni na Changamwe tuko tayari kuja ofisini na rasimu. Asubuhi za muhula wa shule hatupatikani, maana huwa tunaigiza tamthilia za mtihani mashuleni, na walimu hao, namshukuru Mungu, hulipa papo hapo. Ijumaa baada ya swala yatufaa zaidi.

Wako mtiifu,
Mwigizaji, Kisauni