Wito wa Harambee: Tuwarudishie Watoto Uwanja Wao

Ndugu wazazi, wahitimu na marafiki wa shule yetu hapa Usambara,

Ni sisi tena. Tunajua wapo watakaosema, hawa si ndio juzi tu walituomba mabati ya darasa la sita? Ndio sisi. Mabati mlitoa, mkaongeza na misumari na nauli ya fundi, na masika yaliyopita hakuna daftari lililolowa katika darasa lile. Mungu awalipe. Ila masika hayohayo ndiyo yaliyotunyang'anya uwanja.

Maji ya mlimani yaliacha mfereji wake yakapasua uwanja katikati, na leo pana korongo ambalo mtoto wa darasa la pili akisimama ndani humwoni kichwa. Goli la upande wa juu limebaki mti mmoja, mwenzake ulikwenda na maji. Hivi karibuni mtoto wa darasa la nne alifukuzia mpira, akatumbukia, akavunjika mkono. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu amezungusha kamba, haruhusiwi mtu kuivuka. Kengele ya mapumziko ikilia, wadogo wanajipanga barazani kama abiria waliokosa basi. Wakubwa wanatorokea barabarani kucheza chandimu, tena kwenye kona ambapo bodaboda na malori ya mboga huteremka kwa kasi. Hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Hatufichi, tunaona haya kuomba fedha za michezo. Kikaoni mzazi mmoja alisimama akauliza: madawati hayatoshi, ninyi mnataka mipira? Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyemjibu. Alisema watoto wake hujua kujumlisha na kutoa kwenye mdako kabla hajawashikisha chaki: kete inarushwa, nyingine zinakombwa shimoni, zinarudishwa kwa hesabu, na anayekosea wenzake wanampokonya zamu bila huruma. Kisha akamtaja binti ambaye muhula mzima hakufungua mdomo darasani. Siku alipoingia kati kwenye rede, akijaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira wa soksi, kelele zake zilifika ofisini. Siku hizi ananyoosha kidole. Yule mzazi alikaa chini, na jioni akaleta kuku wawili wa harambee.

Wala tusidhani kucheza ni hisani tunayowafanyia watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja wajibu wa mzazi, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na katika orodha hiyohiyo inaweka haki ya kucheza na kupumzika. Wengi wetu tuliishia kwenye sare na madaftari.

Elimu ni bila ada tangu 2016, na mchango huu ni wa hiari, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili yake. Lakini ruzuku inagombewa na chaki, mitihani na ukarabati; korongo halina fungu.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza kurudisha mfereji wa juu, maana bila hivyo tutakuwa tunamwaga kifusi mtoni. Halafu ukuta wa mawe makavu, maji yapate pa kupenya, na majani ya guatemala kingoni yashike udongo. Mwaka huu hatutaweza uwanja wote. Tambarare iliyobaki inatosha kiwanja cha netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, na magoli mawili ya bomba yenye kimo cha mita 3.05, kwa sababu yale ya miti yaliliwa na mchwa. Mabinti zetu walikwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata wakiwa wamejifunzia ndoo iliyotobolewa kitako na kupigiliwa kwenye mkaratusi. Walifungwa. Ila walicheza hadi filimbi ya mwisho.

Sasa ninyi mliocheza kombolela nyuma ya jiko la shule mpaka mkachapwa kwa kuchelewa kengele: wapo kati yenu wanaonunua jezi mpya ya Simba au Yanga kila msimu. Hatuwakatazi. Msimu huu vaeni ya mwaka jana.

Fedha ziingie kwenye akaunti ya shule tu, hazipitii simu ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti. Namba mtaipata kwa mwalimu mkuu, na imeshatangazwa msikitini na kanisani. Kila mchango una stakabadhi. Majina na matumizi yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na nakala itakwenda ofisi ya kata.

Tunakutana Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, saa moja asubuhi. Asiye na fedha aje na jembe, karai au jiwe moja kubwa begani. Chai na mihogo vipo. Kazi ikiisha mapema, wahitimu watacheza na darasa la saba kwenye kipande kilichobaki salama, na darasa la saba wameshaanza kutamba.

Kamati ya Shule