Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Tobermory

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao mmeshagawiwa na katibu, kwa hiyo hayo sitayarudia. Itoshe kusema kwamba mazoezi ya bwawani yameendelea majira yote ya baridi, na kwamba wenzetu waliojiunga kutoka Michigan wamekifanya chama chetu cha kupiga mbizi kiwe cha pande mbili za mpaka kwelikweli. Mpaka huo ndio uliotuchukulia muda mwingi zaidi. Mkutano uliopita ulituagiza tupange safari ya pamoja, kwa boti tuliyoikodi wenyewe, tukazamie meli zilizolala chini ya Maziwa Makuu ya huku Marekani na Kanada.

Wengi wetu tulijifunza kupiga mbizi Nungwi, Mafia au Watamu. Kule unatazama maji kupwa na kujaa, unashuka kwenye vuguvugu, unaangalia matumbawe. Chombo cha mbao kikizama baharini hakikai. Minyoo ya baharini hutoboa mbao mpaka zikabaki nanga na vyuma, na ndiyo maana mafundi wetu hawakuacha kupaka vyombo deheni. Minyoo hiyo haiishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Ongeza na baridi ya chini ya ziwa, ambayo huchelewesha kuoza, ndipo utaelewa kwa nini skuna (jahazi la milingoti) iitwayo Sweepstakes, iliyoundwa mwaka 1867 na kuzama Septemba 1885 kwenye hori la Big Tub, bado ina mbavu, sitaha na umbo lake, tezi na omo, kwenye kina cha meta 6 hivi. Anayeogelea juu kwa miwani na mrija anaiona yote.

Kamati iligawanyika kati ya Alpena, upande wa Marekani, na Tobermory, upande wa Kanada. Upande mmoja ulitaka Alpena, Michigan, na hoja zake hazikuwa za mchezo. Hifadhi ya majini ya Thunder Bay iliyopo hapo ilitangazwa mwaka 2000, ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa ya aina yake nchini Marekani katika maji matamu, na mwaka 2014 ilipanuliwa hadi zaidi ya kilomita za mraba 11,000. Wanaoanza wangepata Monohansett, stima iliyoungua mwaka 1907, ambayo iko kwenye meta 5 au 6 tu. Waliokomaa wangeshuka kwenye Grecian, meli ya chuma iliyozama mwaka 1906 ikiwa inakokotwa, au kwenye E.B. Allen, skuna iliyobeba nafaka na kugongwa na mwenzake katika ukungu mwaka 1871. Zote mbili zimelala karibu meta 30. Mimi mwenyewe ningependa kuiona Grecian kabla magoti hayajagoma.

Lakini hesabu za viti na za pasipoti zilitushinda. Kwa sheria ya Marekani, boti ndogo ya kukodi ambayo haijapitia ukaguzi maalumu wa Walinzi wa Pwani hairuhusiwi kubeba zaidi ya abiria 6 wanaolipa. Kwa kundi la watu 12 hizo ni boti mbili, manahodha wawili na mikataba miwili. Kikubwa zaidi ni viza. Mwanachama anayeishi Ontario kwa ukaazi wa kudumu lakini bado ana pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo, au hati ya kusafiria ya mkimbizi, lazima aombe viza ya Marekani, na miadi ya mahojiano huwa mbali sana. Kwa upande wa pili, mwenye kadi ya kijani ya Marekani, yaani ya ukaazi wa kudumu, huingia Kanada bila viza, mradi awe na kadi hiyo na pasipoti ambayo haijaisha muda. Tulipohesabu nani anaweza kufika wapi, Tobermory ilishinda bila ubishi. Meli nzuri isiyofikiwa na nusu ya chama si safari ya chama.

Sisemi kwamba kila mtu atafika. Mwanachama wa upande wa Marekani ambaye kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi haijaamuliwa asivuke mpaka kabla ya kuzungumza na wakili wake. Hakuna meli inayostahili hatari hiyo. Kwa hao kamati itatafuta siku moja ya Alpena, kwa viti vya kulipia kichwa kwa kichwa, bila kukodi boti nzima.

Basi, Tobermory. Mji huo uko kwenye ncha ya rasi ya Bruce, mahali Ziwa Huron linapokutana na Georgian Bay, kiasi cha kilomita 300 kutoka Toronto. Hifadhi ya majini ya Fathom Five, iliyopo hapo, ilianzishwa mwaka 1987 na ina zaidi ya meli 20 zilizozama. Kila mpiga mbizi hujiandikisha kwenye kituo cha hifadhi kabla ya kushuka, kwa hiyo siku ya kwanza asubuhi tutaanzia hapo, si gatini.

Tarehe zilizua mjadala. Baadhi yenu mlipendekeza mwisho wa Septemba, mahoteli yakiwa yameshuka bei. Nawaomba mzisome tarehe za meli zenyewe: Arabia ilizama Oktoba 1884, City of Grand Rapids iliungua Oktoba 1907, W.L. Wetmore ilipigwa na dhoruba Novemba 1901 ikiwa inakokota vyombo vingine viwili. Dhoruba kubwa ya Novemba 1913 iliua mabaharia zaidi ya 250 katika maziwa haya. Vuli ya huku haina simile, na mawimbi ya ziwa ni mafupi, yamesimama wima, yanafuatana bila kukupa pumzi. Tumechagua wiki ya pili ya Agosti, Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa na mji ukiwa haujajaa kama wikendi. Wenye watoto na wasiozamia watapanda boti za sakafu ya kioo zinazopita juu ya Sweepstakes.

Boti tumeikodi nzima. Maana yake bei ni moja, tukiwa 12 au tukiwa 7, na kiti kitupu kitalipiwa na waliopanda. Nahodha akiahirisha kwa sababu ya upepo, mkataba unatupa siku nyingine au fedha zetu. Sisi tukiahirisha, kianzio kimekwenda. Uamuzi wa kutoka au kutotoka ni wa nahodha peke yake, na naomba asiwepo mtu wa kumbembeleza gatini eti ametoka mbali.

Sasa masharti, ambayo najua hayawapendezi wote. Juu ya maji mwezi Agosti utahisi uko nyumbani, lakini ukishavuka tabaka ambapo joto linakatika ghafla, unaweza kukuta nyuzi 4 hadi 8 za Selsiasi. Suti ya mpira tuliyozoea Zanzibar haitoshi. Kwa mbizi zote zinazozidi meta 18 kamati imeamua: suti kavu, yaani isiyopenyeza maji kabisa, cheti cha kuitumia, na mbizi tatu za baridi pamoja na mwalimu wetu kabla ya Julai. Kifaa cha kupumulia kiwe kile kilichozibwa dhidi ya baridi. Hewa inapotoka mtungini kwa kasi hupoa, maji yaliyo kando yake huganda, vali hubaki wazi na hewa yote humiminika nje. Kwa hiyo usipumulie kifaa ukiwa bado juu ya boti kwenye upepo, na usijaze hewa kwenye suti huku ukivuta pumzi.

Uzito wa risasi tunazovaa ili tuzame nao upimwe upya. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari kwa karibu asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa ana kilo 100 huvua kilo mbili na nusu hivi. Lakini suti kavu na nguo za ndani zitamrudishia hizo na zaidi. Asikadirie mtu kwa kumbukumbu za Mafia. Kila mmoja apimwe majini siku ya kwanza, kwenye Wetmore, ambako kina ni meta 8 tu.

Siku ya pili ni Niagara II, meli ya kuchota mchanga iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 1999 ili izamiwe, karibu meta 30. Kwa hewa ya kawaida kina hicho kinakupa dakika 20 tu bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Kwa nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 32 zinafika 30. Kila mmoja apime oksijeni ya mtungi wake mwenyewe na aandike jina. Tunashuka kwa kamba ya boya na kupanda kwa kamba hiyohiyo.

Arabia haimo kwenye ratiba. Najua ni nzuri, najua imesimama vizuri, na najua kuna waliojiunga na chama kwa ajili yake. Iko zaidi ya meta 30, ni baridi, na wapiga mbizi kadhaa wamefia hapo. Kwa safari ya kwanza ya watu wenye viwango tofauti, nimeipinga kwenye kamati na nitaipinga hapa.

Mwanachama mmoja wa Mwanza alitueleza waziwazi kwamba hatazamia meli yenye maiti, na sisi tuliokuwa watu wazima Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hatukuhitaji maelezo. Sweepstakes ilikokotwa hadi horini ikazama pale, na Niagara II haikuwa na mtu. Edmund Fitzgerald, meli ya mizigo iliyozama na watu wake 29 mwaka 1975, inalindwa na sheria ya Ontario na haikaribiwi bila leseni. Kokote tutakakokwenda, hakiokotwi kitu, hata msumari.

Mkirudi, osheni vifaa na vikauke kabisa kabla ya kuvitia ziwa lingine. Kome wa pundamilia, kome vamizi walioonekana huku kwa mara ya kwanza mwaka 1988, wamefunika meli nyingi, na mabuu yao husafiri kwenye tone la maji. Anayepeleka vifaa likizo Kigoma au Kisumu azingatie mara mbili.

Mkutano unaombwa kupitisha mambo mawili: masharti ya baridi kama yalivyo, na tarehe 31 Januari kuwa mwisho wa kulipa kianzio. Baada ya hapo viti vilivyobaki vitatangazwa kwa wasio wanachama.

Naomba kuwasilisha.