Mada ya Jumamosi: visa vya watu na sheria za bunduki Marekani

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Jumamosi saa kumi tunajadili jinsi wanaharakati wa Marekani wanavyotumia visa vya watu kwenye mjadala wa bunduki. Kabla ya kuja, tafuteni video ya X González, aliyenusurika shambulio la shuleni Parkland, Februari 2018, lililoua watu 17. Machi 24 mwaka huohuo, jukwaani Washington, alitaja majina ya waliouawa, kisha akanyamaza. Machozi yanamtiririka, umati haujui ufanye nini. Jumla alitumia dakika 6 na sekunde 20, muda uleule ambao alisema mshambuliaji aliutumia. Takwimu haikai kichwani namna hiyo, jamani.

Ila tusije tukaegemea upande mmoja. NRA, chama cha Marekani kinachotetea haki ya kumiliki bunduki, nao wana safu ya miaka mingi kwenye majarida yao, "The Armed Citizen", ya raia waliojiokoa kwa bunduki. Sasa mama aliyefiwa na mwenye duka aliyemtimua jambazi, nani anamgusa mbunge zaidi, na kwa nini? Njooni na jibu.

Atakayechelewa analeta karanga, kama kawaida.