Chuo kikifunguliwa mwezi mweupe: wito wa harambee kwa wanafunzi wetu wa vyuo vikuu

Tumsifu Yesu Kristo.

Wazee wetu wa kigango, ndugu waamini, majirani Waislamu na wa madhehebu mengine ambao tunazikana na kusherehekea pamoja, na ninyi watoto wa Igombe mlioko Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko: kamati ya elimu inawaalika kwenye harambee Jumapili ya mwisho ya Septemba, mara baada ya misa ya pili, uwanjani hapahapa kanisani. Shughuli yenyewe nitaieleza huko chini. Kwanza nieleze tunaomba nini, maana mwaka jana tuliomba vibaya, na mkatuuliza maswali tukabaki tunaangaliana.

Swali lililotubana zaidi lilitoka kwa mzee mmoja wa jumuiya: "Si wanapewa mkopo na serikali? Sasa sisi tunachangia kitu gani?"

Ni swali la haki, mzee wangu. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ipo, ilianza kazi Julai 2005, na wako vijana wa mwalo huu, yaani hapa wanapotia nanga wavuvi, ambao bila Bodi wangekuwa bado wanavuta nyavu. Ile pesa ya kula na kulala, ambayo wenyewe wanaiita bumu, ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hatuna ugomvi na hilo. Ila si kila anayeomba anapata, na anayepata hapati yote. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa kamati wenyewe tulikuwa hatulijui: mkopo una siku zake za kufika na chuo kina siku zake za kufunguliwa, na siku hizo hazikutani. Majina ya waliopata hutoka kwa awamu. Wa awamu ya kwanza anaondoka nyumbani akijua ana nini. Wa awamu za mwisho anapanda basi pale stendi ya Nyegezi hajui kama jina lake litatoka au halitatoka.

Tuna binti yetu hapa, na ameturuhusu tuseme habari zake mradi tusimtaje. Baba yake alishatangulia, mama yake anaanika dagaa. Mwaka jana alipangiwa chuo cha mbali na huku. Alipofika aliambiwa alipe nusu ya ada ndipo asajiliwe. Pesa aliyoitegemea kwa ada ilikuwa mkopo. Mkopo nao, ukitoka, anasaini yule aliyesajiliwa. Someni tena hapo taratibu, maana sisi wa kamati ilitubidi tuelezwe mara tatu: asajiliwe ili apate pesa, apate pesa ili asajiliwe.

Alikaa huko wiki tano. Alikuwa na kijidaftari cha hesabu ambacho alikuja nacho kwenye kikao chetu, si kwa kulalamika, bali kwa sababu mweka hazina alimwuliza pesa aliyoondoka nayo ilikwendaje. Kurasa zake zina mistari ya hivi: "Jumatatu, vitumbua viwili, 400. Kopi ya desa, 1,500. Jumanne, chai kwa rafiki, 0." (Desa ni maandishi ya masomo wanayodurufu.) Zile sifuri zilikuwa nyingi. Kuna ukurasa una sifuri siku nne mfululizo, na pembeni ameandika kwa penseli "mama kapiga simu, nimemwambia nimekula."

Huku nyumbani mama yake alikuwa anapigana kwa upande wake. Lakini chuo kilifunguliwa mwezi mweupe. Wa mwaloni hamhitaji kuelezwa. Nawaelezea walioko mjini miaka mingi wakasahau. Dagaa anavuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inavutwa mchangani, matajiri, yaani wenye mitumbwi, wanapumzisha mabaharia wao, na siku kumi hivi hakuna anayeona pesa, kuanzia mvuvi mpaka mama anayeuza uji. Giza liliporudi, mvua za Novemba nazo zikaanza. Dagaa aliyoanika kwenye chanja ikanyeshewa mara mbili, ikageuka rangi, na aliyeinunua aliinunua kwa ajili ya kuku. Gunia ambalo kwa jua zuri lingemlipia mtoto likalipa nauli ya kumrudisha.

Binti aliandika barua ya kuahirisha mwaka. Pesa iliyopungua, tulipokuja kuijumlisha, ilikuwa shilingi laki mbili na themanini.

Sasa niungame. Siku hizohizo kamati ilikuwa imeshakabidhi karibu makusanyo yote ya harambee iliyopita kwa mwanafunzi mmoja, ada nzima ya mwaka. Tulipiga picha, tulipiga makofi. Yule kijana anaendelea vizuri na hatumlaumu kwa lolote. Ila simu ya binti ilipoingia, sanduku lilikuwa na shilingi elfu kumi na nane. Tulitaka kufanya jambo kubwa linaloonekana, na mtoto wa pili akarudi nyumbani kwa kukosa jambo dogo.

Mimi ninayeandika nilipaswa kulijua hili kuliko wengine. Nilipokuwa chuoni, miaka mingi imepita sasa, nilizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kwa deni la shilingi 65,000. Orodha ya majina ilibandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, langu halikuwemo. Nilikaa kwenye ngazi nikiwasikia wenzangu wakifunua maswali. Mtihani ule niliurudia mwaka uliofuata, na kwa ajili ya huo mmoja sikuhitimu pamoja na wenzangu. Mama yangu hadi anafariki aliamini nilifeli, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu kumwambia nimefeli kuliko kumwambia bei.

Wazazi wengi hapa wanashtuka kwa sababu nyingine pia. Tangu 2016 mtoto anasoma bila ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita. (Michango mingine tunaijua wenyewe, tusiifufue hapa.) Kwa hiyo mzazi anafika mlango wa chuo kikuu akiwa hajawahi kushika karatasi ya ada mkononi, na karatasi ya kwanza anayoshika ina tarakimu saba. Na ada ni mstari mmoja tu humo. Chini yake kuna bima ya afya, gharama za usajili, kitambulisho, pesa ya mitihani, na nje ya karatasi kuna godoro, ndoo, na kodi ya geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Watoto wetu wanaosoma vyuo vya hapa Mwanza, Malimbe au Bugando, tunadhani wako nyumbani. Jaribuni kutoka Igombe kwenda Malimbe na kurudi kila siku kwa daladala, mkapite katikati ya jiji asubuhi na jioni, halafu mniambie mtasoma saa ngapi.

Kwa mabinti kuna jambo la ziada, na nalisema wazi kwa sababu akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wameniomba nisilifiche. Kila chuo kina wanaume wanaozijua tarehe za bumu kuliko Bodi yenyewe. Wanajua wiki ambayo msichana hana kitu, na wiki hiyo ndiyo wanakuja na chipsi na lifti.

Lipo pia tatizo la makaratasi. Fomu ya mkopo inajazwa kwa mtandao, inalipiwa, inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa vizazi na vifo), sahihi ya mtendaji, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Huku ziwani tuna watoto ambao baba zao walikwenda kutega na mwili haukupatikana. Msiba tulikaa, sala tulisali, cheti hakuna aliyekwenda kukitafuta. Miaka kumi baadaye kijana anajaza fomu, na kwa mujibu wa karatasi zake baba yake yu hai. Tuna kijana mmoja wa namna hiyo mwaka huu, na tunakimbizana na karatasi hiyo wakati ninaandika. Kazi hii haihitaji pesa nyingi, inahitaji miguu. Mwalimu wetu mstaafu na katekista wamejitolea kukaa ofisi ya kigango kila Jumamosi kusaidia fomu. Mwenye mtoto kidato cha sita asisubiri matokeo. Aje na vyeti sasa.

Wanaoendelea na masomo nao wana yao: fildi (mafunzo ya kazini) ya mwaka wa pili, sapu (mtihani wa kurudia) inayolipiwa kwa kila somo, utafiti wa mwaka wa mwisho unaochapwa na kujaladiwa. Hao mara nyingi hukwama kwa kitu cha elfu hamsini au laki.

Basi tumebadilisha namna ya kufanya. Hatulipi tena ada nzima ya mtu mmoja. Tunaanzisha mfuko wa kuvusha: pesa iliyoko tayari akaunti, inayotoka ndani ya siku tatu tangu mwanafunzi aombe, ya kumfikisha kwenye siku ya bumu bila kurudi nyumbani. Wa mwaka wa kwanza anaweza kupata hadi shilingi 450,000, anayeendelea hadi 250,000. Zinazodaiwa na chuo tunalipa chuoni moja kwa moja, na za chakula anatumiwa kila wiki. Bumu likiingia anarudisha nusu, bila riba, kwa awamu anazoweza. Aliyekosa mkopo kabisa harudishi mpaka apate kazi, na hilo tutalisimamia kwa imani, si kwa mahakama. Wapo waliocheka tuliposema hivyo. Lakini hata wavuvi wanakopeshana mafuta ya injini kwa neno tu, na wengi wanalipa.

Mwaka huu tuna wanafunzi 11 wanaoingia mwaka wa kwanza, binti yetu akiwamo maana anarudi Oktoba, na 6 wanaoendelea. Wote wakihitaji kiwango cha juu, hesabu ni shilingi 6,450,000. Mkononi tuna 1,180,000, ambazo ni sadaka ya Jumapili mbili aliyoturuhusu baba paroko, pamoja na vikapu vya jumuiya. Tunatafuta 5,270,000. Daftari la mapato na matumizi litakuwa mezani siku hiyo, likiwa na ule ukurasa wa mwaka jana ambao hatujivunii.

Namna ya kuchangia. Viongozi wa jumuiya zote wanazo kadi na bahasha. Akaunti ni ya kigango, namba yake imebandikwa mlangoni pa kanisa na inasomwa kila Jumapili kwenye matangazo. Msitume pesa kwenye namba ya simu ya mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni mimi. Ahadi zinapokelewa, na muda wake ni hadi katikati ya Oktoba; ahadi ya Krismasi itamkuta mtoto amesharudi.

Asiye na pesa taslimu alete kitu, kutakuwa na mnada. Mpaka sasa tumeahidiwa mbuzi wawili, sangara wa kilo kumi na tano atakayeletwa asubuhi hiyohiyo, magunia ya viazi vitamu, michembe (viazi vilivyokaushwa), na dagaa wa kukaanga waliofungashwa vizuri na akina mama. Tunapokea pia kompyuta zilizotumika, ilimradi zinawaka. Mwaka jana tuliletewa tatu, na moja ilikuwa na mende wazima ndani, tunashukuru kwa moyo wako ndugu yetu, ila usituletee ya pili.

Na ninyi mlioko Dodoma, Dar es Salaam, Morogoro na Mbeya, kwenu tuna ombi ambalo halipiti benki. Mtoto akishuka kwenye basi saa tano usiku katika mji asioujua, wiki mbili za kwanza ndizo zinazomla. Mwenye chumba, au hata sebule yenye nafasi ya godoro, amwandikie katibu wa jumuiya aliyotoka. Mkeka mmoja huko unatuokolea kodi ambayo hapa tungeichangisha Jumapili mbili.

Tarehe tuliiuliza kwa wenye mitumbwi kabla ya kumwuliza mtu mwingine. Jumapili hiyo itakuwa mbalamwezi: giza limeshavuliwa, mzigo umeshauzwa soko la Kirumba, mabaharia wamelipwa na wako nyumbani. Kwa hiyo hatutarajii kusikia kwamba fulani yuko ziwani. Misa ya pili inaanza saa nne kamili, harambee saa sita, mnada utafuata papo hapo kabla jua halijamharibu sangara.

Mweka hazina anaomba mje na noti ndogondogo. Mwaka jana mnada ulisimama karibu nusu saa, mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya kengele anatafuna mapambo ya altare, wakati sisi tunazunguka uwanja mzima kutafuta elfu mbili ya kumrudishia aliyemnunua.

Katibu, Kamati ya Elimu ya Kigango
Igombe, Mwanza