Longibodi inayumba ukishika kasi? Usikimbilie kukaza nati

Lalamiko tunalolipokea sana hapa karakanani Dodoma ni hili: ubao huu mrefu wa kusimamia wenye tairi nne unakwenda vizuri, lakini ukianza kuchanganya kwenye mteremko unacheza kushoto kulia mpaka unamwangusha mtu. Wengi wanatufikia wakiwa wameshakaza nati kubwa ya traki, kile chuma kinachoshika tairi chini ya ubao, kwa spana namba 14 hadi mwisho. Ubao haukati kona tena, na kuyumba kuko palepale.

Mara nyingi tatizo ni bushi, zile pete mbili za plastiki laini kwenye kila traki. Ndizo zinazourudisha ubao katikati ukishauegemea, kwa hiyo lazima ziendane na uzito wako. Mtu wa kilo 55 anatosheka na ugumu wa 85A hivi (namba ikipanda, bushi ni ngumu zaidi). Wa kilo 85 anahitaji 90A au zaidi. Chungulia chini ya ubao: bushi iliyovimba ikatokeza nje ya washa, kile kisahani cha chuma kinachoibana, au yenye nyufa, imeelemewa. Ndiyo maana tunampima mteja uzito kabla ya kushika spana. Kisha traki ya nyuma tunaikaza zaidi kidogo kuliko ya mbele, maana kuyumba huanzia nyuma. Na wewe ukiwa kwenye mteremko, egemea mguu wa mbele.

Kwa lami yenye kokoto, funga tairi za milimita 70, ugumu 78A. Zile ndogo ngumu za sketibodi zikikutana na kokoto, ubao unasimama, wewe unaendelea. Ila hakikisha tairi kubwa hazigusi ubao ukiinama kukata kona. Zikigusa, tunaweka kipande cha kuinulia juu ya traki.

Halafu vumbi. Upepo wa kiangazi unajaza mchanga kwenye beringi, na grisi nzito inaukamata usitoke. Zioshe kwa spiriti, zikauke kabisa, kisha weka tone moja la mafuta ya cherehani. Zungusha kwa kidole. Inayokwaruza hata baada ya kuoshwa, badilisha. Nati ya ekseli, namba 13, ikaze halafu ilegeze kidogo tu, tairi izunguke bila kukwama.

Ukituletea ubao, njoo na helmeti na viatu unavyoendeshea. Tunafunga bushi ukiwepo, unajaribu uani kwetu, tunarekebisha mpaka uridhike. Asiye na helmeti hatumruhusu kujaribu.