Mwalimu karudi bila mkoba

Wete, Pemba, Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku tu wazima, karafuu zimejaa majamvini na kila mtu shingo juu anaangalia mawingu. Bi Mkubwa wako nilimpitia Ijumaa baada ya sala. Mzima, mguu tu ndio unaomsumbua, na kasema nikwambie ile dawa ya kuchua imekwisha. Haluwa yako nimeshaiagiza, itakuja na atakayesafiri mwanzo. Nimekaa kimya muda mrefu, nisamehe, lakini leo sikuandikii kwa ajili ya salamu. Ni habari ya Mwalimu wetu, aliyechukuliwa na kile chama kidogo awe mgombea mwenza wa urais.

Karudi. Jumanne nilikwenda Mkoani kumpokea shemeji, nikamwona anashuka kwenye boti nyuma ya watu wote, anashika kamba kama mgonjwa. Mkononi ana kifuko tu cha kitambaa. Mkoba hana. Ule mkoba wake wa ngozi, unaujua, ule uliokuwa ukiwekwa mezani darasani sote tunanyamaza. Nikamuuliza, Mwalimu, mkoba uko wapi? Akasema, "Umebaki."

Tukapanda gari moja. Mkoani mpaka Chake hakunena neno. Tulipokaribia kuingia mjini lipo bango lao la kampeni, limeshachanika upande mmoja. Yule bwana anayegombea urais kajaa mbele, Mwalimu yuko nyuma ya bega lake, kadogo, na jina la marehemu baba yake limekosewa herufi. Akalitazama mpaka tukalipita. "Nimewaambia mara tatu," ndilo alilosema. Mpaka Wete hakuongeza.

Tangu siku hiyo simu kaizima. Barazani haji. Msikitini anakuja, anasali safu ya nyuma, akitoa salamu keshavaa viatu. Na wewe unajua mji wetu ulivyo. Siku ya pili tu nikasikia kwa muuza samaki kwamba Mwalimu kanunuliwa. Wengine wanasema kaahidiwa cheo, wengine katishwa, wengine kaona hawashindi ndiyo kakimbia. Jana mmoja aliniuliza mbele ya watu, eti mwalimu wenu kauza kwa kiasi gani? Wallahi nilitaka kumrushia kikombe. Nikainuka nikaondoka, na tangu hapo sijalala vizuri, ndiyo maana naandika saa hizi.

Sasa nikwambie ninavyoona mimi, na usinikasirikie, kwa sababu wewe ndiye uliyemleta yule bwana nyumbani kwa Mwalimu. Nilisema sitakulaumu. Nakulaumu kidogo.

Unakumbuka usiku ule? Fomu zimekaribia kurudishwa na mwenza hawana. Katiba ya Muungano, ibara ya 47, inataka Rais akitoka upande mmoja, Makamu atoke upande wa pili. Kabla ya mabadiliko ya 1994 Rais wa Zanzibar alikuwa mmoja wa Makamu kwa cheo chake, hapakuwa na haja ya kumtafuta mtu. Tangu uchaguzi wa 1995 chama kikisimamisha mtu wa Bara lazima kije na mwenza wa kwetu. Vyama vikubwa wanao watu wao. Hivi vidogo hugutuka siku zimebaki mbili tatu, ndipo wanapovuka bahari kutafuta Mzanzibari. Miye nilikuwa namimina kahawa, na nililisikia swali la kwanza la yule bwana. Hakuuliza Mwalimu anaonaje Muungano, wala bei ya karafuu, wala skuli zetu. Aliuliza kazaliwa wapi na kitambulisho cha Mzanzibari anacho. Basi. Akaambiwa anacho, akacheka, akapeana naye mkono.

Hapo ndipo safari hii ilipoharibika, si Jumanne. Mwalimu aliitwa kwa ajili ya mahali alipozaliwa, na tangu siku ile hadi siku aliyopanda boti hakuna aliyemuuliza jambo jingine. Nililiona nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa amefurahi, na mimi nilikuwa sijamwona kafurahi namna ile tangu alipostaafu.

Na cheo chenyewe si pambo, yeye alikuwa analijua hilo kuliko wao. Dk. Omar Ali Juma, Mpemba mwenzetu, aliingia kama mwenza wa Mkapa 1995, akafariki Julai 2001 akiwa Makamu wa Rais, akafuata Dk. Shein, naye wa Pemba. Mama Samia alikuwa mwenza 2015 na tena 2020. Magufuli kafariki tarehe 17 Machi 2021, tarehe 19 Mama akaapishwa kuwa Rais. Siku mbili! Mwalimu aliniambia kabla hajaondoka kwamba mtu akikubali kuwa mwenza lazima ajiulize kila asubuhi, leo nikiamka nimeachiwa nchi, nitafanya nini? Alikuwa na daftari. Kaandika mambo ya uvuvi, mambo ya bandari, mambo ya walimu wanaosomesha watoto mia darasa moja. Daftari hilo limo ndani ya mkoba.

Hujui hili labda: mikarafuu yake yote kaikodisha msimu huu. Chama kilimwambia nauli na posho zitakuja, zisipokuja ajisaidie kwanza atarudishiwa. Akaikodisha mapema, karafuu bado hazijawa hata na sura, kwa hiyo bei aliyopewa unaweza kuikisia. Pesa zimekwisha kwenye nauli na nyumba za wageni huko Bara, tena alikuwa anapanda mabasi peke yake, msafara wa mgombea umeshatangulia. Sasa karafuu zimeiva. Anakaa ukumbini anawasikia vijana wa watu juu ya mikarafuu yake wanaimba, na mkewe anawapelekea maji. Halafu mtu aniambie kanunuliwa!

Lakini pesa peke yake zisingemrudisha. Kwa ile hotuba ndiyo alivunjika. Uliisikia, najua. Yule bwana kasimama jukwaani kule Bara, watu wachache, akaona bora awachangamshe, akasema Wazanzibari wanabebwa, wanakula wasichochangia, na yeye akiingia atalikata hilo. Mwalimu hakuwapo. Alikuwa wilaya nyingine anawaombea kura. Kaisikia kwenye redio ya mwenye mgahawa, anakunywa chai, na mwenye mgahawa anamtazama yeye na kofia yake. Simu ya kwanza iliyomfikia kutoka Wete ilikuwa ya mwanawe. Akampigia yule bwana aombe walirekebishe pamoja. Akajibiwa na kijana mmoja wa ofisini kwamba hilo watalizungumza baada ya uchaguzi.

Unakumbuka 2008 ulivyokuwa ukikesha na habari za uchaguzi wa Marekani, Obama na mpinzani wake McCain, ukaniamsha kunieleza habari ya yule Palin, mwenza wa McCain? McCain kaacha kufanya kampeni Michigan, na mwenza wake mwenyewe anasema kaisoma asubuhi kwenye habari, anauliza kwa nini tusijaribu. Wewe ulicheka sana. Mimi nilimwonea huruma hata siku ile, ingawa sikumpenda. Mtu sura yake imo kwenye bango halafu anapata habari za jahazi kutoka kwa walio pwani. Na miaka yao ya nyuma, 1972, McGovern akigombea urais alimchukua Eagleton awe mwenza wake kwa haraka haraka, hawakumuuliza vya kutosha, baadaye ikajulikana aliwahi kulazwa kwa maradhi ya akili, na baada ya siku kumi na nane akajitoa. McGovern alikuwa kasema yuko naye kwa asilimia elfu. Wakaja kushindwa majimbo arobaini na tisa. Watu husema mwenza ndiye aliyewaangusha. Mimi nasema asiyeulizwa vizuri mlangoni hana namna ya kukaa vizuri ndani.

Na kwetu liko jingine, ambalo huko Dar hamlioni. Sisi tumepita miaka ya kususiana. Wewe ulikuwa umeshaondoka wakati watu walipokuwa hawazikani, duka la fulani haliingiwi, kisima cha fulani hakitekwi, kwa sababu ya chama tu. Mwalimu alikuwa katika wachache walioingia kila nyumba. Alizika wa huku na wa kule. Alipigiwa kelele na wa huku na wa kule. Mali yake Mwalimu si ile mikarafuu, ni kwamba hakuna mlango wa Wete asioweza kubisha hodi. Yule bwana kwa hotuba ya dakika kumi kamfungia milango hiyo. Uchaguzi ukimalizika yeye atarudi kwenye shughuli zake, na Mwalimu atabaki hapa, na watu wale wale, mpaka siku tutakapomzika.

Hata hivyo, na hili nataka ulisikie pia, sikubaliani na namna alivyoondoka. Nimemwambia. Alhamisi niliingia kwa mlango wa uani, nikamkuta anachambua karafuu za kuokota, zile zinazobaki chini. Nikamwambia Mwalimu, wewe ulitufundisha kwamba mtu akiacha zamu anamwambia wa pili. Umechukua amana ya watu. Wapo waliotia shilingi zao kwa ajili ya jina lako. Kama unajitoa, andika, sema kwa nini, weka saini. Nikamtajia Babu Duni, 2015 kaacha uongozi wa chama cha CUF kajiunga na Chadema ili awe mwenza wa Lowassa, aliyekuwa katoka CCM, na akatembea naye mpaka siku ya kura. Akanijibu, "Na 2019 Lowassa akarudi CCM." Sikuwa na la kusema.

Kisha akanitajia Membe, mgombea urais wa chama cha ACT, 2020. Viongozi wakubwa wa ACT waliwaambia watu wampigie Lissu wa Chadema, na jina la Membe likabaki kwenye karatasi ya kura vile vile. "Kwa hiyo hata nikiandika barua," anasema, "watu watanikuta pale pale kwenye karatasi, na yeye mbele yangu." Akatulia. Halafu akasema maneno ambayo yananizunguka kichwani tangu Alhamisi. Kanikumbusha 2005, marehemu Jumbe Rajab Jumbe, mwenza wa Mbowe wa Chadema, alipofariki siku chache kabla ya kura. Sisi Zanzibar tulipiga zetu tarehe 30 Oktoba kama ilivyopangwa, uchaguzi wa Muungano ukasogezwa mpaka 14 Disemba. "Unaona," ananiambia, "mwenza akifa nchi nzima inasimama. Akiwa hai hata simu hapigiwi."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anachambua vikonyo, anaweka upande. Ndilo lililoniogopesha. Mwalimu akigomba namjua, akinyamaza simjui.

Basi nina haja kwako, na haja hii hakuna mwingine wa kuifanya. Ule mkoba uko kwenye nyumba ya wageni aliyofikia mara ya mwisho hapo Dar, karibu na stendi, nimeandika jina kwenye kikaratasi nilichotia ndani ya bahasha. Deni la siku nne, ndiyo maana walizuia. Nimepeleka pesa kwa simu jana, angalia kama zimeingia. Ndani mna miwani yake ya kusomea, dawa za presha, na lile daftari. Usimpe mtu wa chama akuletee. Nenda mwenyewe.

La pili ni gumu zaidi. Nenda kwa yule bwana. Usimpigie, nenda. Mwambie ampigie Mwalimu kwa mdomo wake, kwenye simu ya mkewe, namba unayo. Sitaki kijana wa ofisini, sitaki katibu. Simwombi amrudishe kampeni, hilo wataamua wenyewe, na mimi kwa kweli ningependa Mwalimu abaki nyumbani. Nataka amwambie kwamba hotuba ile alikosea, na kwamba lile jina kwenye bango ni la baba wa mtu. Akishaambiwa hayo, kama Mwalimu ataandika barua ya kujitoa, ataiandika kichwa juu, na nitaisoma mwenyewe barazani mbele ya yule aliyeniuliza bei.

Sasa nijibu, na unijibu kweli. Usiku ule ulijua kwamba pesa hazipo, au na wewe ulidanganywa? Kuna karatasi yoyote Mwalimu aliyotia saini ambayo mimi siijui? Ni kweli kwamba wameshaanza kutafuta Mzanzibari mwingine wa kusimama jukwaani badala yake, au ni maneno ya mitaani? Yule bwana aliwahi kukuuliza habari za Mwalimu hata mara moja tangu Jumanne? Na wewe, kwa nini hukunipigia, wakati ulijua kabla yangu? Utakuja lini? Bi Mkubwa anauliza, na Mwalimu pia, ingawa hakutaja jina lako. Alisema tu, "Yule mwenzako hajambo?"

Dawa ya kuchua usisahau. Na mkoba uufunge vizuri, bahari imeanza kuchafuka.

Ndugu yako,
Wete