Dawa ikikatika ghafla, tufanyeje?

Mhariri, naomba nafasi niongelee jambo linalotuumiza sana sisi tunaoishi na ugonjwa wa baipola, ule ugonjwa wa akili unaompandisha mtu mno kisha kumshusha mno. Siku unaanzishiwa dawa unaambiwa "usiache dawa", basi, imeisha hiyo. Hakuna anayekwambia dawa ikikatika yenyewe ufanyeje, na zinakatika jamani, wala sio ukaidi wa mgonjwa, duka la dawa linaishiwa, begi linapotea safarini, unalazwa kwa ugonjwa mwingine kabisa na dawa zako zimebaki nyumbani, au unatapika mfululizo kila unachomeza kinarudi.

Mimi ilinikuta baada ya duka ninalonunua kuishiwa. Nikauliza watu, mmoja akasema zikipatikana meza mbili mbili ufidie, mwingine akasema we endelea tu pale ulipoishia. Majibu yote mawili yanaweza kumpeleka mtu pabaya na ndio maana naandika.

Chukua mfano wa lamotrijini, moja ya dawa zetu. Ile inaanzwa polepole, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2 za kwanza, na anayetumia pamoja na valproeti, dawa nyingine ya baipola, anaanzia chini zaidi, halafu ndio inapandishwa kidogo kidogo, kwa sababu ikipandishwa haraka inaweza kuleta vipele vibaya sana, ngozi inababuka mpaka mdomoni na machoni na mtu anaweza kufa. Sasa ukikaa bila hiyo dawa zaidi ya siku 5 hivi (wengine ni chini ya hapo, inategemea na dawa nyingine wanazotumia) inakuwa imeshatoka mwilini, huwezi kurudi moja kwa moja kwenye miligramu 200 zako, unampigia daktari kwanza na mara nyingi unaanza upya kabisa. Wangapi wanalijua hili? Mimi nililisoma mwenyewe, sikuambiwa.

Lithiamu nayo ina yake. Dokta John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949 na mpaka leo inaokoa watu, lakini kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno, kwa wengi kwenye damu inatakiwa iwe kama milimoli 0.6 mpaka 1.0 hivi kwa lita, ndio maana kufidia kwa kumeza dozi mbili ni hatari. Ukiona mikono inatetemeka sana, unatapika, unaharisha, unayumba, maneno hayatoki vizuri, hiyo ni hospitali hapohapo. Na kukatika ghafla kunaweza kurudisha mania, yaani ile hali ya kupanda mno, haraka kuliko dawa inapopunguzwa taratibu. Kama umeruka dozi moja tu, kwa kawaida unaendelea na inayofuata kwa muda wake, ila zikishapita siku kadhaa ongea na daktari, ukirudia dawa atataka upime damu tena, na damu hiyo inachukuliwa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho.

Valproeti na kabamazepini ni dawa za kifafa pia, ukizikata ghafla unaweza kuanguka kifafa, hasa kama unacho tayari.

Kwa ndugu mnaokaa na sisi, wakati dawa hakuna angalieni usingizi kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akilala masaa matatu na asubuhi anaamka ana nguvu tele, anaongea bila kupumua, anapanga kutumia hela zote, msianze kumgombeza wala kusema "ameanza tena", mpigieni daktari wake siku hiyohiyo. Ila akianza kusema hana sababu ya kuishi msisubiri dawa ifike, mpelekeni dharura na asiachwe peke yake. Tena msimpe dawa za mgonjwa mwingine eti zinafanana.

Ombi langu kwa madaktari na wafamasia ni dogo, wala halihitaji bajeti. Siku ya kwanza mtuandikie kwenye kadi jina la dawa, dozi, na siku ngapi zikipita bila dawa nisiguse kidonge mpaka niwaone, pamoja na namba ya kupiga. Na mfamasia akiona zinakaribia kuisha atuambie mapema, sio tunafika dirishani ndio tunaambiwa hakuna, njoo wiki ijayo, maana kwetu sisi wiki moja ni ndefu sana.

Msomaji wako